Samahani Aliyoiandika Sadia

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kahawa cha Shamis, ng'ambo ya soko la mifugo la Garissa. Ni ubao wa lori lililokufa, na ukikalia mwisho wake wa kushoto unakubana paja. Baada ya swala ya alasiri hutukosi hapo: Olow, dereva mstaafu tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Abdihafid, karani wa serikali tunayemwita Muhuri, Yahye, muuza marobota ya nyasi kavu, na mimi, fundi wa simu kutoka Kitui. Kwa ajili yangu wanaongea Kiswahili, na kwa ajili yao nimezoea kahawa ya tangawizi inayokwaruza koo. Yahye tunamwita Ipo. Mteja akimwandikia mistari kumi kuulizia nyasi, yeye alikuwa anajibu neno hilo moja. Kama nyasi hakuna, hajibu kabisa.

Mwezi uliopita akaajiri msaidizi, lakini hakumleta dukani. Anaitwa Sadia, anakaa Masalani, na hukohuko kwake, kwa simu na kompyuta, anajibu wateja, anapanga safari za malori na kuwakumbusha madereva. Yahye hajawahi kumwona. Basi siku ile mjadala ukawa huo.

— Wallahi, mteja wa Balambala amenipigia, akasema Olow. Anauliza kama Ipo ni mgonjwa. Ameandikiwa "Asante kwa kutuchagua, karibu tena." Mtu akisoma hivyo kutoka kwa Yahye, anaanza kutafuta sanda.

— Biashara ni adabu, Yahye akajibu.

— Adabu ya kukodi! akasema Muhuri. Na mimi nakwambia huyo si mtu, ni mashine. Mtu gani anaandika mwezi mzima bila kukosea hata herufi moja?

— Mashine inanyonyesha? Jana aliniomba dakika ishirini, mtoto analia.

— Ndiyo ujanja wake huo, ili umwonee huruma.

Olow akasogea mbele.

— Warya, jamani, nisikilizeni. Ametumwa na yule Shurie wa Kotile, mshindani wako. Sasa hivi anasoma majina ya wateja wako wote. Mwezi ujao utabaki na kamba za kufungia tu.

— Shurie? Yule hajui kusoma, na hata mkewe hataki kumsomea barua.

— Basi ni jini, Olow akakata shauri. Masalani iko mtoni, na wao wanapenda maji.

— Jini analipwa kwa simu? akauliza Shamis kutoka kwenye jiko lake.

— Wa siku hizi, ndiyo.

Tulikuwa bado tunacheka simu ya Yahye ilipolia. Kila alasiri Sadia humtumia ripoti, na Yahye hutusomea kwa sauti, kidevu juu, kama anasoma taarifa ya habari.

— "Jumbe arobaini na moja zilizokuwa hazina majibu nimezijibu zote kwa adabu, kama ulivyoagiza. Lori la Modogashe limefika salama. Na ndugu yako Siyad wa Hadado amefurahi sana na jibu lako. Yuko njiani, atafika Garissa leo..."

Kidevu kikashuka.

Wote tulijua habari ya Siyad. Miaka sita iliyopita alimwoza dada yao bila kumngojea Yahye arudi kutoka safari ya Mombasa. Siku mbili tu, lakini hakumngojea. Tangu hapo hawajasemezana, na Yahye hajakanyaga Hadado, kule Wajir, hata kumsalimia huyo dada.

Alinipa simu. Alisema macho yameingia vumbi. Nikatafuta, nikaona ujumbe wa Siyad wa miezi saba iliyopita: "Ndugu yangu, dada yetu amejifungua pacha, wazima. Anakuulizia kila siku. Utakuja lini?"

Chini yake, jibu la asubuhi ile: "Ndugu yangu mpenzi, samahani sana kwa kuchelewa kukujibu. Nilikosea kukaa kimya. Hongera kwa pacha. Moyo wangu uko kwenu. Karibu Garissa wakati wowote. Asante kwa kutuchagua."

— Moyo wangu! Yahye akashika kichwa. Fundi, mwandikie Sadia haraka. Amwambie Siyad arudi.

Nikaandika. Jibu likaja kabla Shamis hajamimina kikombe kingine: "Sawa. Nimpe sababu gani?"

Nikalisoma mara mbili. Sababu gani?

— Aseme umesafiri, akasema Muhuri.

— Siyad atasubiri. Anajua kusubiri akitaka.

— Aseme una kifua kikuu.

— Atakuja mbio kunizika!

— Aseme daraja la Tana limefungwa, akasema Olow.

— Anatoka Wajir, mzee, upande wetu huuhuu. Daraja analivukia wapi?

— Aseme umeoa Mombasa, umehamia kwa wakwe, wanakulisha pweza.

— Aandike ile ya kweli, akasema Shamis.

— Ipi hiyo?

— Kwamba una kiburi.

Yahye alikuwa anamgeukia pale bajaji iliposimama, akashuka mwanamume mrefu mwenye pua ileile ya Yahye, ameshika dumu dogo la samli. Hatukuhitaji kuambiwa ni nani. Akatusalimia, tukaitikia, nami nikampisha nikaenda kukaa ule mwisho unaobana.

Siyad hakukaa. Akatoa simu, akamnyooshea Yahye ujumbe.

— Haya maneno uliandika wewe?

Olow akafungua mdomo, Shamis akamkanyaga. Yahye aliitazama ile "Moyo wangu uko kwenu". Angeweza kusema ndiyo. Nani angempinga?

— Hapana, akasema. Aliandika mwanamke wa Masalani. Ninamlipa ajibu wateja.

Siyad akapumua, akaketi, dumu kati ya miguu.

— Nilijua. "Asante kwa kutuchagua." Nikajiuliza, nimemchagua lini huyu?

— Na bado umekuja?

— Hata ile meseji yangu ya pacha sikuiandika mimi. Ni binti yangu, Ilhan. Alichukua simu nikiwa kisimani. Nilipomkemea akasema, basi ifute. Sikuifuta.

Tukatazamana. Muhuri akauliza polepole, kama anayesoma faili asiloelewa:

— Kwa hivyo miaka sita hii, nyinyi wawili mmeambiana nini?

Shamis akapindua birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone matatu na makapi. Akasema kahawa imeisha na leo hapiki nyingine.

Simu ikalia mkononi mwangu. Nikasoma kwa sauti, maana Yahye aliniashiria nisome: "Bado nasubiri. Nimwandikie nini ndugu yako?"

Yahye akachukua simu, akampigia kwa spika. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya Sadia, nyembamba, na mtoto analia nyuma yake. Muhuri akainamisha macho.

— Sadia, malori yashike wewe siku nne. Naenda Hadado.

— Haya. Nimjulishe Siyad?

— Hapana, Yahye akasema. Huyu nitamwambia mwenyewe.

Akakata simu. Akamgeukia kaka yake, aliyekuwa ameketi shubiri moja kutoka begani kwake, na ikamchukua muda mrefu sana kuanza.