Mshipa Upi?

Kijiweni Tunduma, mkabala na gereji ya malori, mwaka ule reli ilipokaribia mpakani, Enoka alikuja na daftari badala ya kete za bao. Alikuwa mganga wa zahanati, na chuo kilimwomba aandike sura za kitabu cha Kiswahili cha kuwafundishia waganga wa vijijini viungo vya mwili na kazi zake. Bahasha ya sura hizo ilitakiwa iondoke na basi la saa nne asubuhi hiyohiyo.

— Neno moja linanitesa, alisema. Mshipa. Damu inapita kwenye mshipa, fahamu nazo kwenye mshipa. Nitawafundishaje watu?

Zahoro, dereva wa tangi la mafuta aliyeitwa Dizeli, akacheka.

— Shida iko wapi? Mwili ni lori, mshipa ni paipu. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, ndiyo maana paipu zake nene!

— Acha uongo wewe! akamaka Yonasi, aliyeitwa Redio kwa kusema bila kuzimwa. Mshipa ni waya. Ukikasirika si unasimama hapa shingoni? Umeme huo!

— Basi ukifa tutakuchomeka ukutani.

— Na ule mshipa wa wanaume, unaoshuka huko chini? Redio akauliza. Paipu au waya?

— Ule... hendibreki! Dizeli akajibu.

Kijiwe kikaangua kicheko. Saidi muuza kahawa nusura aangushe birika. Enoka naye alicheka mpaka machozi.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi akashusha kikapu chake cha ulezi. Enoka alimtambua: Ketrina wa kijiji cha Ndalambo, mjane wa Efraimu.

— Shikamooni. Samahani, baba daktari. Marehemu alikwambia mshipa unamkaza, ukampa dawa ya kuchua.

— Ndiyo, mama.

— Kumbe ilikuwa ngiri, utumbo umenasa. Hospitali walisema tumechelewa. Silaumu, nauliza tu. Wewe ulisikia mshipa upi?

Dizeli akainamia kikombe. Redio akazimika. Enoka aliona aibu. Miaka miwili alikuwa akijiambia kwamba Efraimu ndiye aliyechelewa kuja.

— Kahawa imekwisha, Saidi akasema taratibu, ingawa hakuna aliyeomba.

Basi likapiga honi, likaondoka bila bahasha na bila Ketrina. Enoka alikuwa amemsogezea nafasi kwenye benchi. Akaifuta sura ya kwanza yote, akaandika upya, akimsomea kwa sauti:

— Mgonjwa akisema mshipa, mwambie akuoneshe.