Sista Gaudencja na Majina ya Zawierzbie

Tarehe 30 Septemba, Profesa Sista Gaudencja Wrona anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha historia katika kitivo chetu hapa Lublin. Ameomba asiagwe kwa hotuba ndefu, na kwa kuwa hakuna anayetaka ugomvi naye, tumetii.

Watawa wenzake walitarajia aandike habari za watakatifu. Yeye akachagua mauaji ya Wayahudi, tena akaanzia kwao, mji mdogo wa Zawierzbie, ambako watu walizoea kusema Wayahudi "waliondoka" mwaka 1942. Mama yake mzazi, Bi Stefania, naye alisema hivyo hivyo. Sista aliwauliza kwa ule upole wake unaokera: "Waliondoka kwenda wapi? Waliaga?" Wengi wakaacha kumkaribisha chai. Alipita nyumba kwa nyumba hivyo hivyo, mpaka akayapata majina ya waliouawa.

Kila Novemba padri husoma kanisani majina ya marehemu yaliyoletwa na familia zao. Sista akapeleka na yale ya Wayahudi waliouawa, akidhani anatenda wema. Bi Rozenfarb, Myahudi aliyenusurika akiwa mtoto, akampigia simu: "Mama yangu hakuingia kanisani kwenu akiwa hai. Mnamwingiza leo kwa sababu hana mdomo?"

Sista aliona aibu, akayatoa. Kisha akaandika makala ambayo waseminari wetu wanaisoma hadi leo, kuhusu namna sala zetu zinavyoweza kuwameza wafu wa wenzetu. Tangu hapo majina husomwa sokoni, bila maji ya baraka. Bi Rozenfarb huja, na hulalamikia baridi.

Bi Stefania hakuwahi kuja. Sista hakuficha kwamba ndiye aliyemngoja kuliko sisi wote. Novemba iliyopita, akiwa na miaka tisini na miwili, bibi huyo aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Usomaji ulipokwisha akasema, "Mmemsahau Ryfka. Tulicheza naye. Kitanda nilichokuzalia wewe, mwanangu, kilikuwa cha kwao."

Sista alilisoma jina la Ryfka, kisha akaomba mahali pa kukaa.

Sasa anarudi Zawierzbie kumuuguza mama yake, na kuandika sura moja iliyobaki ya kitabu chake, inayohusu nyumba yao wenyewe. Ahsante kwa yote, Sista. Tunakuombea afya na umri mrefu na, ukiweza kuupata katika nyumba ile, usingizi.