Diski ya Celina: Maisha ya Fundi Protase Rwegasira, 1958–2025

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, mimi ni Ephrasia, mdogo wake marehemu. Watoto wake walitaka wasifu huu usomwe na mtu mpole. Wamemkosa, wamenipata mimi.

Protase Rwegasira alizaliwa hapa Ngenge, wilaya ya Muleba, tarehe 19 Agosti 1958, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Julius Mugisha na marehemu Mama Kokuhirwa, wakulima wa migomba na kahawa. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Bukoba hadi 1976. Darasani hakuwa wa kwanza, tusidanganyane mbele ya jeneza. Lakini redio yoyote iliyonyamaza kijijini hapa aliifungua, na mara nyingi ilisema tena.

Baada ya mafunzo ya ufundi wa redio Mwanza, mwaka 1984 aliajiriwa Dar es Salaam katika ofisi yenye kompyuta moja. Moja tu, na ilijaza chumba! Aliporudi likizo hakuweza hata kukaa kitini. Taata, baba yetu, akamuuliza, "Hiyo kompyuta ni kitu gani hasa?"

"Taata, ni mashine ya kufuata maagizo. Unaipa habari, inaitunza, inaifanyia kazi ulivyoagiza, inakupa jibu."

"Inafikiri?"

"Hapana. Ukiiagiza upumbavu inafanya upumbavu, ila kwa haraka sana."

"Basi nami ninaye mtoto wa aina hiyo," alisema Taata, akinitazama mimi.

Habari hizo alizieleza hata kwa asiyeuliza. Kwamba zamani waliopiga hesabu ndefu walikuwa watu, kwa kalamu. Zikaja mashine zenye maelfu ya taa za kioo, zikila umeme na kujaza ukumbi. Taa zikaondolewa, zikawekwa transista. Kisha transista maelfu kwa maelfu zikabanwa kwenye kipande kidogo kuliko ukucha. Hapo kompyuta ikapanda mezani, ikaingia begani, ikaingia mfukoni. Alikuwa akishika simu ya mtu sokoni na kusema, "Mama, unajua hii inakishinda chumba changu chote cha Dar?" Wengine walidhani anataka kuwaibia.

Tarehe 22 Septemba 1990 alifunga ndoa takatifu na Celina, karani wa parokia, na mwaka uliofuata walifungua karakana yao ya redio na kompyuta Bilele, mjini Bukoba. Wakubwa kwa wadogo walivua viatu mlangoni ili vumbi lisiingie kwenye kompyuta, na Celina aliifunika kwa kitenge kizuri kuliko alichovaa Jumapili. Mungu aliwajalia Josia, Joanitha, na mwaka 1998 Hellen.

Mwaka 1999 Celina aliugua saratani. Akiwa bado na nguvu za kukaa, alipiga barua kwenye kompyuta ile, akaihifadhi kwenye flopi, zile diski bapa za zamani, akaandika juu yake "Hellen". Alimwambia mumewe, "Hii ni ya siku ya kasherero yake, nitakapotakiwa kumuaga bintiyo akienda kuolewa, nami sipo. Wewe usisome." Celina alipofariki, Protase aliifunga ndani ya kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti, akaitia kwenye kopo. Siku ya tetemeko, tarehe 10 Septemba 2016, watu wa Bilele walikimbia na runinga. Yeye alitoka na kopo.

Diski aliitunza. Mashine je? Mwaka 2005 zilipokuja kompyuta mpya, Protase kwa furaha yake alinipa mimi ile kuukuu. Mtu aliyetufundisha kwamba kompyuta hazikai mahali pamoja alisahau kwamba siku moja zingekosa tundu la diski yake! Mwezi Machi mwaka huu washenga walipokuja kwa ajili ya Hellen, alifungua kopo, akazunguka karakana nzima, hakuna mashine ya kuipokea. Alitafuta Bukoba, akatafuta Mwanza. Alizozipata zote zilikuwa zimekufa. Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu 2022, na miguu ilishavimba, lakini tarehe 30 Mei alikuja hapa kwa bodaboda.

"Ephrasia, mashine yangu iko wapi?"

"Bandani. Kuku analalia ndani yake."

"Mtoe!"

"Mawe, mama yangu! Ana mayai kumi na mawili, Protase, zimebaki siku nne!"

Akapiga magoti, akafungua skrubu huku kuku akimdonoa mkono, akatoa kile kifaa cha kusomea diski. Nililia kwa aibu, naye alicheka. Jumapili tarehe 1 Juni, Bilele, yeye na Josia walikisafisha kwa spiriti, wakakipachika kwenye mashine nyingine. Kikakoroma. Kikanyamaza. Kikakoroma tena, na barua ikafunguka! Josia anasema baba yake aligeukia ukuta na kupiga kelele, "Chapa! Chapa, usisome!"

Jioni ile moyo ulimzidia, akalazwa mjini Bukoba. Jumatatu Hellen alimletea karatasi, akasema hatasubiri kasherero, baba asikie japo mwanzo. Akasoma: "Protase, najua ni wewe unayesoma. Acha. Mwite mtoto."

Kaka yangu aliinuka kitandani. "Sijasoma, Celina! Waitu, sijasoma!" Aliita hivyo akitazama mlangoni, wodi nzima ikasikia, akacheka mpaka akatoa machozi. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka 66.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na mafundi aliowafundisha ambao sikuweza kuwahesabu. Ukoo umeamua kwamba kasherero ya Hellen itabaki palepale, tarehe 28 Juni, na barua itasomwa hadi mwisho. Mtakaokuja, njooni na vitambaa.

Mungu akupokee, Protase, akupe raha ya milele. Ukimkuta Celina, mwambie sisi sote ni mashahidi wako: hukusoma.