Wiebe wa Meza ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia. Leo namkumbuka Wiebe Hoekema, dereva wa lori la maziwa hapa mjini kwetu Bolsward, na mchezaji wa klabu yetu ya sataranji. Meza ya nne, miaka thelathini na moja. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita. Moyo ulisimama akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alikuwa na miaka sitini na nane.

Wiebe hakuwa bingwa. Tuseme ukweli, mwenyewe asingependa nimpambe. Lakini alitaka kuelewa. Kila mchezo aliuandika kwenye daftari la kijani, hatua kwa hatua, na chini yake sentensi moja tu: wapi nilikosea. Mipango mirefu aliiweza. Akiona askari wako mmoja hana mlinzi, atamzingira saa tatu nzima, taratibu, mpaka aanguke. Kilichomponza ni mitego ya ghafla, hasa ya farasi. Mkewe, Jeltje, ananiambia: "Alikuwa anapanga kete mezani, kando ya supu ya njegere. Namwambia, baba, supu inapoa. Ananijibu, ngoja kwanza, huyu farasi ana jambo lake."

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Jumamosi ya mwisho ya msimu, Aprili mwaka jana. Tukishinda tunabaki daraja letu; tusiposhinda tunashuka. Kati ya michezo yetu minane, uliobaki ni wa Wiebe peke yake, na alikuwa anaongoza vizuri. Tumesimama tumemzunguka. Akasogeza ngome yake, mpango safi kabisa. Mpinzani akainua farasi kutoka pembeni kulia. Mruko mmoja, mfalme na malkia wote wametishwa kwa pamoja: ukimwokoa mfalme, malkia analiwa. Basi. Tumeshuka daraja.

Nahodha wetu ni Sjoerd, kaka yake mkubwa. Akasema mbele ya watu: "Miaka thelathini unasoma vitabu, Wiebe, na bado hujui farasi anarukaje! Bora ungebaki na maziwa yako."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa meza ya tano. Nami nilicheka. Narudia, wasikilizaji: nami nilicheka.

Kwetu mtu akishindwa, wenzake hukaa naye, wakapanga kete upya na kuupitia mchezo pamoja, kahawa ikiwa mezani. Siku ile hakuna aliyekaa na Wiebe. Alivaa koti lake, akaondoka. Hakurudi klabuni tena. Miezi kumi ndugu hawa hawakusemezana, na kati ya nyumba zao kuna mfereji mmoja tu. "Nilingoja anipigie yeye," Sjoerd ananiambia. "Mimi si ndiye mkubwa?"

Baada ya mazishi Jeltje alimkabidhi Sjoerd lile daftari la kijani. Ukurasa wa mwisho ni mchezo wa Aprili. Chini, Wiebe ameandika sentensi zaidi ya moja. Nazisoma kwa ruhusa ya familia: "Farasi alitokea kulia. Jicho la kulia halioni tangu Machi. Sikumwambia Sjoerd, angenipumzisha, na mtu mwingine wa nane hatuna. Kosa ni langu. Akija, nimwonyeshe ile hatua ya ngome. Ilikuwa nzuri."

Juzi nilikwenda kwa Sjoerd. Mchezo ule ulikuwa umepangwa mezani kama ulivyokuwa Aprili.

"Ni kweli, ilikuwa nzuri," akasema. "Farasi asingekuwa pale, huyu mtu kamaliza. Nimwambie nani sasa?" Kisha akasema, "Hebu kaa upande wake."

Nikakaa. Nikafumba jicho la kulia, nikainamia ubao kama Wiebe alivyozoea kuinama. Yule farasi wa ukingoni alipotelea nyuma ya pua yangu. Sikumwona. Nililia pale, sioni haya kusema.

Jeltje, pole sana, mama. Sjoerd, pole, mzee wangu. Ulisema wewe, lakini tulicheka wengi. Klabu nzima inaomba radhi, na mimi wa kwanza.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unangoja akupigie yeye kwanza, usinisikilize tena. Zima redio, umpigie.