Dada Stefania na Hesabu ya Mtaa wa Bondeni

Baba padri, masheikh mliokuja kutufariji, majirani wa Mikorosho na wa Bondeni, mimi ni Ambrosi, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na mniwie radhi nikirefusha maneno, maana kuna kazi yake moja ambayo haijaisha na inatuhusu sote tuliokaa hapa.

Stefania Alex Kondo alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Kipatimu, wilayani Kilwa, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Alex Kondo na Mama Antonia, wakulima. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1976 hadi 1982, akamaliza sekondari 1986, akapata cheti cha maendeleo ya jamii 1990. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991, akafanya kazi Kilwa Masoko na Tingi, akahamishiwa Lindi mjini mwaka 2007. Tarehe 17 Oktoba 1992 alifunga ndoa na Dominick Sipriani, wakajaliwa watoto wawili, Imani na Alex.

Mwaka 2012 ofisi ya kata ilimpa kazi ya kulinganisha mitaa mitano, ijulikane upi una hatari kubwa ya wizi na uvamizi, ili kituo cha ulinzi shirikishi kijengwe huko, naye akafungua kitabu cha taarifa za wizi zilizoletwa ofisini, akakuta Mikorosho matukio arobaini na moja, Bondeni mawili, akaandika kwamba Bondeni ni shwari, kituo kikajengwa kwetu Mikorosho. Tarehe 20 Mei 2013 Bi Kidawa Shamte, muuza vitumbua wa Bondeni, alivamiwa nyumbani kwake, akakatwa panga, mkono wa kushoto ukapooza. Dada alimfuata wodini, akamwuliza kwa nini mtaa wao haulalamiki, Bi Kidawa akamjibu, mwanangu, mimi nimeibiwa mara nne, lakini kutoa taarifa ni kusimama pale barazani pa ofisi ya kata utaje jina mbele ya foleni, na kabla hujafika kwako mwizi ameshaambiwa. Dada alikaa siku mbili bila kula, akisema amehesabu waliothubutu kusema, akadhani anahesabu wezi.

Tangu hapo alipita nyumba kwa nyumba, haandiki jina la mtu, haulizi nani kaibiwa, anauliza tu jua likizama mnaacha nini nje. Mikorosho tuliacha ndoo, viti na nguo kwenye kamba, Bondeni waliingiza ndani hata kinu. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili, hadi harusini alikuwa akikagua makufuli ya wenyeji badala ya kucheza, shemeji akawa anaona haya. Mwaka huu hesabu ilikamilika, nayo inasema kituo kihame Mikorosho kiende Bondeni, na tangu ijulikane baadhi yetu tuliacha kuitikia salamu zake. Aliumia sana, na aliogopa pia, kwani mwenyewe aliishi Mikorosho.

Marehemu alisumbuliwa na presha tangu 2021, tarehe 2 Agosti 2025 akapata kiharusi, akafariki Jumamosi tarehe 9, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake, majirani wa mitaa yote miwili, na Bi Kidawa, aliyekaa kando ya kitanda chake siku zote saba. Wapo waliotujia juzi, kwa heshima, wakatuomba daftari lake la hesabu hiyo lizikwe naye. Tulikaa kikao, tukabishana, shemeji Dominick akasema kituo kikihama usingizi wake yeye hautakuwa kama zamani, lakini Alhamisi tarehe 14 atalipeleka daftari kwenye mkutano wa kata kwa mkono wake, na familia imekubali.

Pumzika kwa amani, dada, hofu tuachie sisi.