Hyasinta Mokoena, Aliyekataa Kumjibia Maiti

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani wa Turffontein, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi ya leo, tarehe 18 Agosti 2007, mkaja kutusaidia kumsindikiza dada yetu, familia imempa Polycarp Komba, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, imemwomba asome taratibu na asionyeshe hasira, la kwanza amekubali, la pili hakuahidi.

Marehemu Hyasinta Komba Mokoena alizaliwa tarehe 17 Agosti 1957 katika hospitali ya misheni ya Peramiho, wilayani Songea, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Alfonsi Komba, fundi seremala, na Mama Melania Ngonyani, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Hyasinti, padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Alichelewa kusema, lakini alipoanza alisema alichokiona na alichokisikia, basi, na Mama Melania alikuwa akisimulia kwamba ukimtuma kwa jirani kuomba chumvi, alirudi na jibu la jirani kama lilivyotoka kinywani, pamoja na matusi yake, bila kuongeza wala kupunguza.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Peramiho kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Songea hadi 1975, kisha akachukua mafunzo ya ualimu, na mwezi Januari 1978 alipangiwa Morogoro, ambako alifundisha Kiingereza kwa miaka kumi na sita, tena kwa ukali ambao wanafunzi wake wengine wanaukumbuka mpaka leo kwenye viganja vyao. Huko Morogoro ndiko alikokutana na Bwana Seabata Mokoena, fundi umeme, mmoja wa wana wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi uhamishoni katika kambi ya Mazimbu, wakafunga ndoa takatifu tarehe 6 Oktoba 1984, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lerato aliyezaliwa mwaka 1986, na Brighton aliyezaliwa mwaka 1990.

Tarehe 19 Julai 1994, nchi ya mumewe ilipokwisha kuwa huru, marehemu alishuka Johannesburg na masanduku matatu, mume na watoto, akaambiwa kwamba cheti chake cha ualimu hakitambuliki, naye hakulia wala kugombana, alinunua cherehani, akawa anashona sare za shule hapa Turffontein kwa zaidi ya miaka minane, huku akiwasahihishia wateja wake Kiingereza bila kuombwa. Ndipo tarehe 3 Februari 2003 alipopata kazi Randburg, katika kampuni ambayo familia haitaitaja jina ndani ya nyumba ya Mungu, kampuni inayopokea kazi za simu kutoka Uingereza, na kilichompatia kazi hiyo ni kile Kiingereza cha darasani, cha polepole na kinachosikika vizuri, ingawa siku ya kwanza tu walimwambia kwamba Hyasinta ni jina refu mno kwa masikio ya Waingereza, na kuanzia hapo awe Cynthia.

Mwezi Machi 2005 kampuni ilipewa kazi ya kuwahoji wapiga kura wa Uingereza, kwa kuwa uchaguzi mkuu wa huko ulikuwa unakaribia, na kwa wasiojua kazi hiyo, namna yake ni hii, kwamba watu walewale hupigiwa simu mara tatu, kabla ya kampeni, katikati ya kampeni, na baada ya kura, ili ionekane nani amebadili mawazo na kwa sababu gani. Mwulizaji anasoma swali kama lilivyoandikwa, hamsaidii mtu kujibu, hashangai, hacheki, anaandika alichoambiwa, na mwanzoni mwa kila simu anamwahidi mhojiwa kwamba namba yake haitatumiwa kwa jambo lingine lolote. Dada yetu aliipenda kazi hii kuliko zote alizowahi kufanya, aliporudi nyumbani alimsimulia mumewe kwamba Waingereza wanalalamikia hospitali, vita na kodi, na kwamba wengi, bila kujua wanazungumza na nani, walimweleza kwa utulivu kabisa kwamba wageni wamezidi na warudishwe makwao, naye mgeni wa Turffontein aliyaandika hayo neno kwa neno, maana hakuulizwa yeye anaonaje.

Miongoni mwa wahojiwa wake alikuwepo mzee mmoja wa Wales, Bwana Emlyn, mchimba makaa mstaafu, aliyemjibu tarehe 29 Machi na tena tarehe 19 Aprili, kila mara akisema kwamba atapiga kura bila wasiwasi wowote, hata kama itabidi abebwe. Ijumaa ya tarehe 6 Mei, siku moja baada ya kura, marehemu alipiga simu ya tatu, akapokea mke wa mzee, Bibi Dilys, akamweleza kwamba Emlyn alifariki wiki iliyopita na walimzika juzi, yaani siku moja kabla ya uchaguzi. Sasa pale ofisini kulikuwa na maneno ya kusema ikitokea hivyo, sentensi moja fupi ya masikitiko, kisha unakata simu na kwenda namba inayofuata, lakini dada yetu alilelewa Peramiho, na huko mtu hapewi pole ya sentensi moja, akauliza ugonjwa ulianzaje, nani alikuwepo, watoto wamefika, umekula, na Bibi Dilys, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa ameulizwa maswali hayo na yeyote tangu mazishi, alizungumza naye kwa dakika kumi na tisa. Alipomaliza, Hyasinta aliandika kwenye fomu kwamba mhojiwa amefariki, akaifunga, na kwa dakika hizo kumi na tisa akapewa onyo.

Ndugu waombolezaji, hapa msomaji anaomba maji.

Kampuni iliahidi Uingereza watu mia nane waliojibu mara zote tatu, na Jumatatu ya tarehe 9 Mei ilionekana kwamba wanapungua kumi na saba, basi mkuu wa zamu, badala ya kusema wamepungua, akakaa kwenye kiti chake, akafungua fomu zilizokwisha kufungwa, akazijaza yeye mwenyewe kwa kunakili majibu ya mwanzo, na kwa sababu fomu ya Bwana Emlyn ilikuwa ya Hyasinta, ilibaki na namba yake ya kazi na tarehe yake. Mle ndani maiti aliyekwisha kuzikwa alijibu kwamba amepiga kura, kwamba ameridhika na matokeo, na kwamba uchaguzi ujao atapiga tena. Familia imetafuta neno la heshima la kuita kitendo hicho, imelikosa, kwa hiyo itasema tu kwamba ni uchafu, na kwamba mtu anayeweza kuchukua kinywa cha marehemu wa wenzake na kukitumia kujazia hesabu, anatia kinyaa.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanzoni mwa Juni wenye utafiti kule Uingereza walituma barua za shukrani kwa wote waliojibu mara tatu, na Bibi Dilys akapokea bahasha inayomshukuru mumewe kwa kueleza jinsi alivyopiga kura, akaandika malalamiko, malalamiko yakafika Randburg, wakaangalia namba ya kazi, na tarehe 14 Juni 2005 Hyasinta Mokoena alifukuzwa kwa barua yenye neno kughushi. Aliomba isikilizwe simu aliyorekodiwa, akajibiwa kwamba simu zote zimefutwa, akamtazama mkuu wa zamu usoni, naye, kwa mujibu wa marehemu, aliangalia kucha zake, akasema, “Sharp, sisi,” yaani sawa, dada, “ni namba tu hizi, usizibebe moyoni.”

Tangu siku hiyo jambo alilolitaka dada yetu duniani lilikuwa moja, mtu aliye hai aseme mbele ya watu kwamba hakughushi, na lilikuwepo jambo moja jepesi la kufanya, yaani kumpigia Bibi Dilys, shahidi aliyezungumza naye dakika kumi na tisa, ambaye namba yake aliijua kwa kichwa. Mumewe alimsihi kwa Kiswahili chake cha Mazimbu, “Eish, Mama Lerato, simu moja tu, nani atakulaumu?” naye akajibu kwamba aliahidi namba ile haitatumiwa kwa jambo lingine, na kwamba kufukuzwa kwake hakukumwondolea ile ahadi, maana hakuiahidi kampuni, alimwahidi yule mzee. Familia nzima ilimwona mpumbavu, na Polycarp anayesoma hapa alimwambia neno hilo waziwazi, mezani, tarehe 25 Desemba 2005, mbele ya watoto wa dada yake, na hakupata siku ya kuliomba radhi ipasavyo, kwa hiyo anaomba radhi leo. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mbele ya wasuluhishi wa migogoro ya kazi, kampuni ilikuwa imempa karatasi atie sahihi, inasema kwamba kosa lilitokea kwa uchovu wa mfanyakazi, na akikubali ataandikiwa barua nzuri ya kutafutia kazi kwingine, akaisoma mara mbili, akasahihisha makosa mawili ya Kiingereza yaliyokuwemo, akairudisha bila sahihi. Baada ya hapo kila ofisi aliyoomba kazi iliulizia ile barua ya kufukuzwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Mwezi Februari 2007 alianza kusumbuliwa na tumbo na kupungua mwili, na tarehe 12 Machi madaktari walimkuta na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, akalazwa mara tatu, na katika miezi hiyo Bi Mwatumu, mfanyabiashara wa Mayfair, Mtanzania mwenzetu, alikuja kila Ijumaa baada ya swala na uji wa mchele kwenye chupa ya chai, akamlisha kwa mkono wake, na alipokataa kula alimtukana kwa upendo mpaka akameza.

Jumapili ya tarehe 22 Julai alifika hospitali mama mmoja Mkongo, anaitwa Murielle, ambaye kule Randburg alikaa meza ya jirani na ya marehemu, akasimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema yale ambayo Lerato, aliyekuwepo, ameyaandika kama yalivyo, na ambayo Murielle ameruhusu yasomwe, “Mama Lerato, miye nilimuona ule bwana anafungula fomu zako, nilimuona na macho yangu, nikanyamaza juu ya makaratasi yangu, maana alisema nikisema, kazi inaisha, na bila kazi makaratasi inakufa.” Dada yetu akamwambia akae kitandani, akamuuliza watoto wake wanasoma wapi, na mwishoni akamwomba kitu kimoja, kwamba asilipeleke jambo hilo ofisini wala kwa wasuluhishi maadamu makaratasi yake ya kuruhusiwa kuishi nchini hayajatoka, ila siku yakitoka aliseme mbele ya watu wa jumuiya, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu yeye Hyasinta hapendi kusemewa, wala hataki mtu amsemee Murielle.

Marehemu alipumzika Alhamisi ya tarehe 9 Agosti 2007, saa tano asubuhi, akiwa amebakiza siku nane kutimiza miaka hamsini, na kitandani alikuwa na mumewe, watoto wake na rozari yake.

Familia ingependa kuishia hapo, lakini jana mchana lililetwa nyumbani shada la maua kutoka kwa ile kampuni, utepe wake umeandikwa Cynthia, pamoja na karatasi iliyochapwa, ya kusomwa leo, isemayo kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi kipenzi, na kwamba kabla ya kufariki aliwaeleza wakuu wake kuwa hana kinyongo na amewasamehe. Hakuwaeleza. Tangu Novemba 2005 hakuzungumza nao hata salamu, na tumeelewa kwamba watu hawa, asiyekuwepo kwao na lake halipo, wamekwisha kuzoea kuwajazia marehemu majibu, na hawakuona haya kumfanyia hivyo hata mtu aliyekataa kumfanyia hivyo Mwingereza asiyemjua. Bwana aliyelileta shada, ambaye siku hizi si mkuu wa zamu tena, amepandishwa, yumo humu kanisani, benchi la nne, na familia inamwomba akiondoka achukue maua yake na karatasi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya hata siku moja, tunawashukuru majirani wa Turffontein waliopika na kulala chini kwetu siku tisa hizi, tunamshukuru Bi Mwatumu, ambaye hatuna cha kumrudishia, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake, siyo kampuni, wenzake, waliokaa meza moja naye, baadhi yao wamekuja leo wakijua ni nani atakayewaona. Makaratasi ya Murielle hayajatoka mpaka leo, familia ilimwambia kwa hiyo asiseme, kwamba marehemu mwenyewe alimpa ruhusa ya kungoja, na asubuhi hii, mlangoni mwa kanisa, amejibu kwamba amekwisha kungoja miaka miwili na kungoja huko ndiko kulikomuumiza kuliko woga. Tunaomba asiondoke mtu, na yule wa benchi la nne naye akae, kwa maana Murielle tayari amesimama kusema.

Dada Hyasinta, lala, tulia, atakayesema sasa yuko hai.