Shangazi Anasikia Baridi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka lililofungwa, pale barabara ya gereji inapokutana na ile inayoteremka sokoni. Upande huu palikuwa na meza ya fundi viatu waliyemwita Soli. Upande ule, jiko la mkaa na birika la Shangazi. Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa na ile tabia ya kukugombeza huku anakumiminia kahawa. Siku hizi hata kugombeza kulimshinda. Sauti ilikuwa imemkwaruza kama ya mtu mwenye mafua, uso umemjaa, na saa nne asubuhi, jua likiwa limeshawavua makanika mashati, yeye alikaa nyuma ya jiko amevaa sweta mbili. Hilo ndilo lililowafanya wateja wake watatu wa kila siku, ambao hata mmoja hakuwahi kusomea udaktari, wamgeuze kuwa mada.

— Sweta mbili! — alisema Spana, makanika wa gereji ya jirani, kikombe mkononi. — Jana ilikuwa moja.

— Jana kulikuwa na mawingu, — alisema Soli bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu.

— Kwa hiyo jua likitoka ndiyo anaongeza nguo?

— Ndiyo maana nasema baridi hii si ya hewa. Ni ya ndani.

— Naomba tuliweke sawa, — alisema Wakili. Huyu hakuwa wakili; alikuwa karani mstaafu wa mahakama, lakini miaka thelathini ya kuwasikiliza mawakili ilikuwa imemharibu mdomo. — Mlalamikaji anasikia baridi. Mlalamikaji ananenepa. Na sisi hapa ni mashahidi kwamba mlalamikaji hali kitu.

— Mlalamikaji yupo hapa, — alisema Shangazi. — Na hajalalamika.

Hawakumsikia. Au walimsikia, wakaona si hoja.

Ukweli ni kwamba alikuwa amelalamika sana, ila si kwao. Miezi minane nyuma alikwenda kliniki, daktari akampapasa shingo, akamtoa damu, akamwambia tezi yake ya shingoni imelegea. Tezi hiyo, alisema, hutengeneza homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ikipungua, mwili unakuwa kama ofisi ya serikali saa tisa alasiri: watu wote wapo, hakuna anayefanya kazi. Chakula kinaingia hakichomwi, joto halipatikani, moyo unakwenda polepole, choo kinagoma, nywele zinabaki kwenye kitana, na kichwa kinasahau. Akampa vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila siku, maisha yote, kabla ya kula.

Shangazi hakuruka hata siku moja. Na wiki iliyopita, baada ya kuongezewa dozi mara mbili, damu ilipopimwa ilitoa jibu lilelile. Daktari aliweka kalamu mezani.

— Mama, mimi si mtoto mdogo. Damu inasema humezi.

— Namwapia Mungu nameza.

— Damu haina sababu ya kudanganya.

Akaandika kwenye kadi: mgonjwa hafuati maelekezo. Shangazi alijua kusoma. Alitembea mpaka nyumbani analia njiani, na si kwa huzuni. Ni zile hasira zinazokosa pa kutokea. Huko nyumbani alimkuta binti yake anakwangua sufuria iliyoungua, kwa mara ya tatu mwezi huo.

— Mama, jikaze kidogo, — binti alimwambia. — Unalala umekaa.

Jikaze. Kana kwamba mwili ni mkanda wa suruali.

— Dawa yake ni chumvi, — alikuwa akisema Soli sasa. — Nilisikia redioni. Tezi inataka madini joto. Na madini joto yamo kwenye chumvi.

— Madini nini? — aliuliza Spana.

— Joto.

— Basi si ndiyo hayo! Mtu ana baridi, mnamtafutia nini kingine? Apewe madini joto, ale kwa kijiko!

— Kijiko kidogo au cha mezani? — aliuliza Wakili.

— Anza na cha mezani.

Spana hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikwenda dukani akarudi na pakiti, akaikata kwa meno, na Shangazi alipoinama kuchochea mkaa, akakoroga kijiko kizima ndani ya kikombe chake. Shangazi alipiga funda moja. Kisha akainuka polepole, maana siku hizo kila kitu alikifanya polepole, akamwaga kikombe chote juu ya buti la Spana.

— Daktari ameshaniambia chumvi ya kwenye mboga inanitosha, — alisema. — Ukinijaza chumvi utanipa ugonjwa wa pili kabla sijapona wa kwanza.

— Nilikuwa nasaidia!

— Niulize kwanza. Hivyo ndivyo watu wanavyosaidia.

— Tuendelee, — alisema Wakili. — Mimi naiona homoni kama hati ya mahakama. Inaandikwa ofisi moja, inapelekwa ofisi nyingine ikatekelezwe. Sasa hati ya huyu mama inaandikwa, lakini haifiki.

— Inapotelea wapi?

— Kwenye mafuta. Mtu akishanenepa, njia zinakuwa nyembamba.

— Na yule jirani yako mnene anayekimbia kila asubuhi?

— Yule ana hati ya dharura.

Soli alitikisa kichwa, misumari mitatu ameibana mdomoni, kisha akaitema ili atoe ya kwake. Alisema tatizo ni viatu. Mtu anayekaa na ndara mwaka mzima joto lote linamtokea nyayoni. Angevaa kiatu kilichoshonwa vizuri, na hapa alikohoa kidogo, angeliona badiliko ndani ya siku saba. Spana, ambaye buti lake lilikuwa bado linachuruzika, alisema hayo ni matangazo ya biashara. Yeye alikuwa amewaza tangu juzi na amepata jibu.

— Birika, — alisema.

— Birika limefanya nini?

— Miaka kumi na moja huyu mama amekaa juu ya birika linalochemka. Anavuta mvuke. Mvuke ni nini? Ni maji. Yanaingia ndani, yanapoa, yanakaa. Ndiyo maana amevimba, ndiyo maana ana baridi. Ni sawa na injini iliyoingia maji. Unaifungua, unaianika.

— Nianikwe, — alisema Shangazi.

— Kwa lugha nzuri, ndiyo.

— Juu ya kamba au juu ya bati?

Wakacheka wote watatu, na kilichomuuma ni kwamba hawakumcheka kwa ubaya. Walimpenda. Wangemchangia sanda akifa, na wangebishana juu ya kitambaa. Lakini hakuna aliyemwamini. Daktari hakumwamini, binti hakumwamini, na hawa waliuona ugonjwa wake kama mchezo wa bao wa kupitishia asubuhi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa pakiti ya vidonge.

— Tazameni, — alisema, na sauti ilimkwaruza zaidi. — Miezi minane. Kila siku ya Mungu. Na mnaniona nilivyo. Nimechoka kumeza, nimechoka kuambiwa simezi, na ninyi nimechoka kuwasikia. Afadhali viwake hapa vinipe joto mara moja.

Akasogeza birika kando, mkono ukaelekea kwenye mkaa.

— Mama, ngoja.

Aliyesema alikuwa mpiga rangi. Kwa siku nne alikuwa juu ya ngazi ng'ambo ya barabara, anapaka ukuta wa duka la vifaa vya shule, na alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi lile. Sasa alisimama mbele ya jiko na ndoo yake tupu, ana madoa ya bluu mpaka kwenye kope. Kola yake ilikuwa wazi, na shingoni, chini ya koo, palikuwa na kovu jembamba lililolala kutoka upande hadi upande.

Spana alimpiga kiwiko Soli. Soli akamnong'oneza Wakili kwamba huyo alikabwa na majambazi.

— Vidonge hivyo navijua, — alisema mpiga rangi. — Nilikatwa tezi miaka sita iliyopita. Hivyo ndivyo vinavyonitembeza. Unavimeza na nini?

Nyundo ya Soli ilikoma katikati ya msumari.

— Na maji, bila shaka, — alijibu Wakili.

— Sikukuuliza wewe, mzee wangu. Namuuliza mama.

Shangazi aliurudisha mkono wenye pakiti. Katika miezi minane ameulizwa kama anameza, ameulizwa mara ngapi, ameulizwa kwa nini anadanganya. Hili hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

— Namezea kikombe cha kwanza, — alisema mwisho. — Asubuhi nikishachemsha. Lazima nionje kabla sijawauzia hawa.

— Kikombe cha kahawa.

— Kabla ya kula, kama ilivyoandikwa. Kahawa si chakula.

— Si chakula, — alikubali mpiga rangi. — Lakini inakizuia kidonge tumboni. Kinapita hivihivi, kwenye damu hakifiki chote. Nesi aliniambia: maji matupu, halafu usubiri saa nzima ndipo unywe au ule kitu kingine. Mimi si daktari, mama. Nakupa nilichopewa. Kaulize.

Wanaume watatu waliviangalia vikombe vyao. Kisha Shangazi akaanza kupiga kelele, na zilikuwa kelele za kweli, za kukwaruza, zilizowafanya hata makanika watokee chini ya magari.

— Miezi minane! Mnakunywa hapa miezi minane, mmenipa chumvi, mmenipa viatu, mmetaka kunianika kama dagaa! Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyefikiria kuniuliza nameza na nini!

— Shangazi, hata daktari hakuuliza, — alisema Soli kwa upole.

— Na yeye nakwenda kwake sasa hivi!

Akaenda, sweta mbili na yote. Daktari hakuwepo, lakini nesi wa dirishani alimsikiliza huku anapanga mafaili.

— Ah, ni kweli, kukimeza na kahawa haifai, — alisema. — Hukuambiwa?

Hukuambiwa. Shangazi alilitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi.

Tangu siku hiyo aliamka saa kumi na moja, akameza kidonge kwa glasi ya maji, akakaa ukingoni mwa kitanda kungoja saa ipite. Ilikuwa saa ndefu kuliko zote. Kwa wiki mbili hakuona kitu, akaanza kumlaani mpiga rangi kimoyomoyo. Wiki ya nne alitambua, katikati ya kumhudumia mteja, kwamba amevua sweta moja na hakumbuki aliivua lini. Wiki ya sita binti yake alimkuta anafagia uani huku anaimba.

— Mama, una nini?

— Nimejikaza, — alisema Shangazi, na binti akainamisha macho, akamchukulia ufagio.

Damu ilipopimwa tena, dozi ikabidi ipunguzwe, maana sasa kidonge kilikuwa kinafika. Daktari alitabasamu.

— Naona umeamua kumeza.

Shangazi akamweleza, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Daktari alisema alidhani anajua habari ya kahawa. Akasema foleni ni ndefu, wagonjwa ni wengi. Shangazi alisema hayo yote anayaelewa, ila hatainuka kwenye kiti mpaka yale maneno ya kwenye kadi yafutwe. Nje watu walikuwa wanakohoa kwa kukosa subira. Daktari akachukua kalamu, akapiga mstari.

Kijiweni, bila shaka, kila mmoja alikuwa ameshinda. Wakili alikumbusha kwamba ni yeye aliyesema hati haifiki. Soli alisema Shangazi siku hizi anavaa viatu. Spana ndiye aliyekuwa hashikiki.

— Nilisema ni birika! Nilisema au sikusema?

— Ulisema ni mvuke.

— Mvuke wa nini? Wa birika! Ndani ya birika kuna nini? Mimi nilikosea kidogo tu, kwenye mlango wa kuingilia.

Shangazi aliwamiminia kahawa. Alikuwa anamtazama Soli. Asubuhi ile fundi viatu alikuwa ameshamaliza chupa mbili kubwa za maji na kuomba ya tatu, na alikuwa ameinuka mara nne kwenda nyuma ya gereji. Suruali aliifunga kwa kamba ya kushonea viatu.

— Soli, umekonda, — alisema.

— Ni kazi tu.

— Ni gundi, — alisema Spana papo hapo. — Anavuta gundi siku nzima. Gundi inakausha. Ndiyo maana ana kiu.

— Mimi nina mtazamo tofauti, — alisema Wakili, akikunja nne. — Figo za mwanadamu...

— Usiku unaamka mara ngapi kukojoa? — Shangazi alimuuliza Soli.

Soli aliangalia chini, kwenye kiatu cha mtu.

— Sijahesabu. Mara tano. Sita.

— Na macho?

— Tundu la sindano silioni vizuri siku hizi.

— Ndiyo gundi hiyo! — alisema Spana. — Inapanda machoni. Sasa dawa ya gundi ni maziwa ya...

— Kahawa imekwisha, — alisema Shangazi.

— Imekwisha vipi? Hilo birika limejaa.

— Imekwisha.

Akalifunika jiko, akalibeba birika zito kwa mikono miwili, akaliingiza gereji. Aliporudi alikuwa amevua aproni. Akamtoa Soli kile kiatu mkononi, akakiweka juu ya meza, akamshika kiwiko.

— Twende kliniki kwa wanaopima damu, kaka yangu. Na ukifika huko, usikubali kuondoka kabla hujauliza kila kitu.

— Na wateja wangu?

— Watakaa na hawa. Watapewa maelezo.

Wakaanza kupanda barabara, yeye mbele, Soli nyuma amebana chupa yake ya maji kwapani. Kwenye benchi, Spana na Wakili walikaa na vikombe vitupu, wakibishana kama gundi hupanda kwa mishipa au kwa pua.